Elias Tuscano na Mpira Uliong'aa

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Nirmal, na ninyi wanakriketi mliotoka Bombay, mimi ni Rosalin, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma kwa hasira kidogo, mnisamehe, kwa sababu mtu huyu amenichosha tangu alipojifunza kutembea.

Elias Tuscano alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa hapa Nirmal, Vasai, mtoto wa tatu wa Bwana Paskali na Bi Agnesi, wakulima wa ndizi, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1963, ingawa kusema alisoma ni kumpendelea, kwani alishinda uwanjani akirusha mpira kwa kasi iliyowafanya wenzake wakatae kushika gongo.

Mwaka 1966 shirika la reli lilimwajiri ukarani, kama wanavyoajiriwa wanamichezo wetu ili wazichezee timu za mashirika, na kiti chake hakikumjua. Tarehe 9 Mei 1970, baada ya kuahirisha harusi mara mbili kwa ajili ya mechi, alimwoa Bi Filomena Machado, wakajaliwa mabinti wawili, Lavina na Jenoveva, pamoja na suruali nyeupe zenye doa jekundu la mpira pajani, ambazo wifi yangu alizifua mpaka akalia.

Doa lile ndilo maisha yake. Viwanja vyetu huwapenda wanaorusha polepole kwa kuuzungusha mpira, na hao wanautaka uliokwaruzika, kwa hiyo mrushaji wa kasi hupewa mpira mpya kwa ova chache tu, yaani zamu za mirusho sita sita, auchakaze, kisha aambiwe asante. Basi Elias akiung'arisha pajani ili upinde hewani, nahodha wake, Bwana Madhav Karkhanis, huyu aliyeketi safu ya mbele, anaubiringisha vumbini.

Januari 1973, Bombay, siku ya mwisho ya mechi ya timu ya taifa, wageni wakikaribia kutushinda, Elias alikataa kuutoa.

“Elias, kazi yako imekwisha, lete mpira!”

“Kapteni, ukiusugua chini leo, nisugue na mimi.”

Akarusha kwa goti lililokwisha kuvimba, akawang'oa wapigaji watatu, tukashinda, magazeti yakamwimba, na kwa kumkaidi nahodha, timu ya taifa haikumwita tena.

Niliapa kutomsalimu Karkhanis, lakini Elias, mkaidi kwa kila mtu isipokuwa aliyemkosea, alimkaribisha mezani kila Krismasi, akiniambia, “Dada, usinune, na yeye alitaka tushinde.” Ilinichoma, na bado inanichoma.

Goti alilituliza kwa vidonge alivyovimeza kama njugu, kupumzika hataki, daktari hamtaki, hadi figo zikashindwa, akalazwa Agosti 2011. Karkhanis akamletea mpira mpya, naye akausugua upande mmoja kwenye shuka la hospitali, mpaka tarehe 3 Septemba alipotutoka ukiwa mkononi.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, wenzake wa reli, na wauguzi, ambao pia tunawaomba radhi kwa mashuka yao.

Mpira huo anao ndani ya jeneza, nimeufunga kwa leso nyeupe. Tukifika kaburini kila mtu atatupa udongo wake, nawe Bwana Karkhanis utupe kama wengine, safari hii mpira hutaufikia. Elias, miaka yote nilikuambia upumzike, hukunisikia, basi leo nisikie mara moja tu, mdogo wangu, pumzika, na iwe kwa amani.