Meli Iliyozama Mlangoni Kwetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkuu wa bandari, wajumbe wa ile tume ya uchunguzi, wakwe zangu, mashemeji, na majirani mliotusema kwa wema na mliotusema kwa ubaya: hamjambo?

Nimeombwa niwe mfupi. Mume wangu alipotuhumiwa kuiba meli hakuna aliyekuwa mfupi, kwa hiyo mtanivumilia.

Jioni ile aliondoka na shehena ya saruji kwenda ng'ambo ya ziwa. Ukungu ukashuka, dira ikamgomea, naye akashika usukani mpaka alfajiri bila kuona hata pua yake. Meli ikagonga mwamba, ikazama. Mabaharia wakaogelea wakapona, naye akaogelea, akatoka nchi kavu, akabisha hodi mlango wa kwanza aliouona. Nikafungua mimi. Akainama kwa adabu, maji yanamchuruzika, akasema, "Samahani mama, hapa ni wapi?"

Ndugu zangu, mtu alizunguka ziwa usiku kucha, akarudi kuzama kwao! Lakini yeye aliapa kwamba meli iko mbali, maana usiku mzima alikuwa akienda, na kwamba ni mkondo uliombeba mpaka nyumbani. Mpaka leo anausifu mkondo huo. Bandari nayo ikauliza: kama meli iko mbali, wewe umewahije chai ya asubuhi? Basi ikaamuliwa kuwa ameiuza.

Amuuzie nani? Ziwa hili lina mlango wa uani? Askari walikuja kupekua nyumba yangu, mmoja akainua godoro. Nikamwuliza, baba, unatafuta meli au kunguni? Akanijibu kwamba anafuata utaratibu.

Na ile nguzo iliyochomoza majini hapa mbele, mnaikumbuka? Bandari iliikuta imesimama, ikaipaka rangi nyekundu na nyeupe, ikaitundikia taa ya kuonya vyombo. Inaonya nini? Hakuna aliyeuliza. Tume ilifunga boti yake kwenye nguzo hiyo, ikawa inatokea hapo kwenda kuitafuta meli, na jioni inarudi hapo hapo kusikitika.

Ukame ulipoyashusha maji mwaka huu, chini ya nguzo likatokea paa, chini ya paa madirisha, na ndani ya dirisha birika la chai la mume wangu. Nguzo ilikuwa mlingoti. Sasa saruji imekuwa jiwe, meli haing'oki, nanyi mmeamua iwe gati. Hongereni, ndilo gati pekee lililojileta lenyewe.

Mume wangu amekaa kule nyuma kabisa, kofia yake ya kazi ameificha mfukoni. Tangu siku ile watoto wa mtaa wanamwita Meli Iko Wapi, na wakubwa wanajifanya hawasikii. Aliyewavusha wazazi wenu na maharusi wenu hakanyagi tena njia ya ziwani. Imeniuma, na bado inaniuma. Sidai fidia. Mheshimiwa, kabla hujakata utepe, nakuomba umwite kwa cheo chake, mbele ya watu hawa hawa.

Nawe, mume wangu, vaa kofia. Asubuhi ile uliniuliza swali, nikashikwa na kicheko, sikukujibu. Jibu ni hili: hapa ni kwenu, nahodha. Umefika.

Kwa masikio yenu, ndugu zangu, asanteni. Sasa mpisheni apite.