Karatasi Mbili za Mudathir

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Popote mnaponisikia, iwe jikoni, dukani au kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, naomba mnipe masikio yenu kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa hesabu. Ni Profesa Theonest Kamugisha, wa Chuo Kikuu cha Kibaptisti Bethania, kule Tegeta. Amefariki akiwa na miaka sitini na saba. Amezikwa Jumamosi iliyopita, makaburi ya Kinondoni.

Wengi walidhani angesafirishwa kwenda Bukoba, kwao alikozaliwa. Mwenyewe alishakataa. Alimwambia mkewe, "Nizikeni hapa hapa Dar. Mtu ninayemwomba radhi yuko hapa."

Mkewe ni Anjelina. Majirani wanamwita Mama Koku, kwa jina la binti yao. Ndiye aliyetusimulia haya, akiwa amekaa kwenye mkeka sebuleni kwake, khanga begani, sauti imemkauka. Hakutaka tupunguze kitu. "Semeni yote," alisema. "Hata yale yangu."

Basi tuseme.

Profesa Kamugisha alikuwa mmoja wa walimu watano wa kwanza pale Bethania. Wakati huo chuo kilikuwa na madarasa mawili ya bati na hakina uzio. Mbuzi wa jirani waliingia darasani na kutoka. Alifundisha hapo miaka mingi. Hakushika daftari. Aliandika ubaoni mpaka mkono wa koti ukawa mweupe kwa chaki. Wanafunzi wake leo ni wahandisi, ni watu wa benki, ni walimu wa sekondari. Ukiwauliza, watakwambia alikuwa mkali, na watacheka kidogo.

Alipofika miaka hamsini na minane, macho yalianza kumsaliti. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba imeshakula sehemu kubwa. Kinachobaki nacho kitaondoka.

Profesa hakumwambia mtu chuoni. Aliogopa. Kazi ile ndiyo iliyokuwa maisha yake, na alijua wakigundua watamwondoa. Hesabu zote zilikuwa kichwani, kwa hiyo aliendelea kufundisha. Mama Koku alimsindikiza kila siku mpaka mlango wa darasa, amemshika kiwiko, amembebea mkoba.

"Watu walisema, jamani, wale wazee wanapendana," Mama Koku alituambia. "Ni kweli tulipendana. Lakini pale tulikuwa tunaficha."

Na mitihani je? Mitihani waliisahihisha nyumbani, baada ya chakula cha mchana, kwenye meza ya kulia. Mama Koku, aliyewahi kuwa mwalimu wa sayansi, alisoma jibu kwa sauti. Profesa alisikiliza, akataja alama. Mama Koku akaandika kwa kalamu nyekundu. Hivyo ndivyo walivyofanya kwa miaka minne.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, anaingia kijana Mudathir Abdulrahman. Alikuwa mwaka wa pili. Baba yake, Mzee Abdulrahman, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Chang'ombe. Mudathir ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kukanyaga chuo kikuu. Alifeli somo la Profesa, akarudia mtihani mwezi wa tisa. Kufaulu ni alama arobaini. Yeye alipata thelathini na moja. Akadisko, kama wanavyosema wanafunzi wenyewe. Akaondolewa chuo. Akarudi Chang'ombe na begi lake.

Ikapita miaka mitatu.

Siku moja ofisi ya idara ilikuwa inapunguza makaratasi ya zamani. Walimu wakaambiwa wapitie vijitabu vya mitihani kabla havijachomwa. Mama Koku alivileta nyumbani, akaanza kuvipanga. Katika kijitabu kimoja aliona kitu nyuma kabisa. Karatasi mbili za nyongeza. Zilifungwa kwa uzi, juu chini, zikajificha kwenye jalada. Hazikuwa na alama hata moja ya kalamu nyekundu. Kijitabu kilikuwa cha Mudathir.

Alikumbuka hata siku waliyokisahihisha. Ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya, na alikuwa anawahi.

Profesa alikuwa kwenye kiti, hatua mbili kutoka pale. Haoni. Mama Koku alituambia kwamba alizikunja zile karatasi, akazishika mkononi, akaenda nazo jikoni. Alisimama mbele ya jiko. Kisha akarudi, akakaa, akazisoma kwa sauti.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba mstari mmoja urudiwe. Halafu akauliza, "Ni za nani hizo?"

Akamtajia.

"Alitakiwa kupata hamsini na nne," Profesa alisema.

Mama Koku akaziweka karatasi mezani. Akasema, "Baba Koku, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Hizi kesho zinachomwa. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," alijibu.

Wiki iliyofuata Profesa Kamugisha alisimama mbele ya seneti ya chuo. Alieleza habari ya macho. Alieleza habari ya karatasi. Hakumtaja mkewe; alisema kosa ni lake. Vijitabu vyote vya miaka ile vikapitiwa upya, vikaonekana salama isipokuwa kile kimoja. Profesa aliondoka kazini kabla ya muda wake. Hakuagwa kwa sherehe. Mudathir aliandikiwa barua kwamba anaweza kurudi chuoni.

Mudathir hakuijibu.

Ndipo Profesa alipomwomba mkewe ampeleke Chang'ombe. Walimkuta kijana karakanani, anachomelea geti. Mama Koku akamwambia mumewe, "Ndiye huyu hapa mbele yako." Mudathir akazima mashine.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Mudathir alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakupandisha sauti. Alisema, "Prof, barua nimeipata. Ila mie chuo sirudi. Baba alifariki mwaka jana. Tangu nidisko hakunisemesha vizuri. Alikufa anajua mie ni mvivu. Sasa hiyo hamsini na nne nikamwonyeshe nani?"

Profesa alisimama pale, mkono umeshika fimbo, uso umeelekea upande ambao si wa Mudathir. Baadaye aliuliza kaburi la mzee liko wapi. Bi Hamisa, mama yake Mudathir, ndiye aliyempeleka. Profesa alisema maneno yake pale kaburini, Mbaptisti mbele ya kaburi la Mwislamu, na Bi Hamisa akaitikia amina. Tulimtafuta Bi Hamisa. Alisema hivi: "Mie nilisamehe siku ile ile. Mtu kipofu katoka Tegeta kuja kujishtaki, utamfanyaje? Lakini mwanangu ana lake moyoni. Siwezi kumsemea."

Tangu hapo Profesa alikwenda Chang'ombe kila mwezi. Kila mwezi, kwa karibu miaka mitano. Mudathir alimpa benchi, akaendelea na kazi. Mara nyingi hawakusema zaidi ya salamu. Profesa alisikiliza vyuma vikikatwa, akanywa chai, akaondoka.

Siku moja Mudathir alikuwa na oda ya ngazi ya kuzunguka, ya ghorofa moja huko Mbezi, na vipimo vilimgomea. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kila kipandio kikae pembe ngapi. Profesa akajibu kutoka kwenye benchi. Wakabishana. Profesa akachora kwa kidole kwenye vumbi la chuma mezani, Mudathir akafuata kile kidole kwa chaki. Kufika alasiri ngazi ilikuwa imekamilika kwenye karatasi, na Mudathir alicheka. Mama Koku anasema njia nzima ya kurudi mumewe aliongea habari ya kile kicheko.

Ilikuwa mara moja tu.

Mwezi uliopita walikwenda tena. Profesa alikuwa amedhoofu; kifua kilikuwa kinamsumbua. Walipofika karakanani, Mudathir aliwaona, akasema kabla hawajakaa, "Prof, shikamoo. Leo nina kazi nyingi sana. Samahani."

"Marahaba. Haya, mwanangu. Kazi njema."

Wakageuka. Baada ya wiki tatu Profesa Kamugisha alifariki.

Mudathir hakuonekana mazikoni. Alikuja msibani Tegeta siku ya tatu, akiwa na mama yake. Aliketi mbele ya Mama Koku, akainamisha kichwa. Akasema, "Mama, siku ile sikuwa na kazi. Niliamka vibaya, nilikuwa namfikiria baba. Nilikaa tu."

Mama Koku akamjibu, "Najua, mwanangu. Mashine zilikuwa zimezimwa, nawe ulikuwa umekaa umekunja mikono. Mimi nilikuona. Yeye ndiye hakuona."

"Akasema nini?"

"Aliniuliza njiani, mbona karakana ilikuwa kimya. Nikamwambia ulikuwa unapaka rangi, mageti mengi, yamejaa mpaka barabarani. Akafurahi. Akasema, ni vizuri, kijana anapata kazi."

Mudathir alilia. Mama Koku akamshika kichwa. Alituambia huo ndio uongo wa pili aliousema kwa ajili ya mumewe, na kwamba wa kwanza, ule wa kuficha macho yake, anautubu kila siku, lakini huu bado hajui aufanye nini.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mama Koku, kwa binti yake Kokushubira, kwa jumuiya ya Chuo Kikuu cha Kibaptisti Bethania, na kwa wote waliofundishwa na Profesa Theonest Kamugisha. Tunatoa pole pia kwa nyumba ya marehemu Mzee Abdulrahman, Chang'ombe, kwa msiba wao wa zamani ambao haukusemwa redioni. Mungu awarehemu wazee hawa wawili.

Nanyi mliokaa kunisikiliza, kama kuna mtu anakujia kuomba radhi, na moyo wako haujawa tayari, usijilazimishe. Ila kama siku hiyo huna kazi, mpe benchi akae.