Emerance Nyirarukundo, Mkereza wa Ndosho (1981–2025)

Emerance Nyirarukundo alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 huko Nyamitaba, katika vilima vya Masisi, mtoto wa pili wa muzee Védaste Mbarushimana na mama Mukamugema. Baba yake alikuwa mfugaji, na tena alikuwa fundi wa icyansi, kile chombo cha mti ambacho watu wetu hukamulia maziwa na ambacho bila hicho harusi haina heshima. Alikichonga kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, akikikomba ndani kwa chuma chenye ncha iliyopinda, na chuma hicho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa.

Emerance alikigusa. Alikuwa na miaka saba. Alikiiba siku moja baba yake akiwa malishoni, akachukua kiazi kikubwa, akakikomba vizuri mpaka kikabaki ganda, kisha akaenda kukamulia ndani yake maziwa ya mbuzi wa jirani. Muzee Védaste alimpiga fimbo mbili. Akamwambia, "Mukono ya mwanamuke haikombake icyansi." Lakini jioni ile ile alionekana nyuma ya nyumba akikigeuzageuza kile kiazi mkononi, na mama Mukamugema alipomuuliza anatafuta nini, alisema hatafuti kitu.

Alisoma shule ya msingi pale pale Nyamitaba hadi darasa la tano. Mwezi wa Machi 1993 vita viliingia Masisi, na familia ikakimbilia Goma kwa mjomba aliyekuwa na nyumba ya mbao huko Ndosho. Hakurudi tena darasani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, kipindupindu kilimchukua mama Mukamugema kwa siku moja na nusu. Emerance alikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye na dada yake Dancille ndio waliomwosha.

Muzee alirudi Masisi mwaka 1998 na ng'ombe watatu. Emerance alibaki Ndosho, akauza chai na mihogo ya kuchemsha mlangoni pa karakana ya useremala. Mwenye karakana alikuwa Paulin Bashige, Mshi kutoka eneo la Walungu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na mashine ya kukereza ambayo aliiunda mwenyewe kwa mota kuukuu na vyuma vya gari. Akikereza miguu ya vitanda na ya viti, yule muuza chai alisimama akitazama mpaka mihogo yake ikaungua. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000. Mungu akawapa watoto wawili: Darius, aliyezaliwa Sake tarehe 19 Januari 2002, siku ya pili baada ya volkano kulipuka, mama yake akiwa njiani kukimbia, na Héritière, aliyezaliwa hapa Goma mwaka 2005.

Mwezi wa Machi 2009, Paulin alikwenda Masisi kununua mbao. Lori lilipinduka kwenye kona, na mzigo ukamwangukia. Kilio hakijaisha, ndugu zake wakaja kuuliza habari ya mashine. Emerance alikuwa amekaa chini kati ya wanawake. Akainuka na kitenge chake cha msiba.

"Mashine inabaki," akasema.

"Itabaki na nani, mama? Nani atakereza nayo?"

"Mimi."

Walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Juma la tatu alikuwa mbele ya mashine, kitambaa mdomoni, akikereza mguu wa kiti. Wa kwanza ulikuwa mbaya. Wa kumi mtu akaununua. Tangu siku ile Ndosho nzima ilimwita Mama Mashine, na hao ndugu wenyewe wakaleta vitanda vyao kwake.

Mwaka 2012 vita vilifika tena Nyamitaba. Watu wenye silaha waliwachukua ng'ombe wote wa muzee Védaste, na alipoinua mkono kujikinga na panga, walimkata vidole vinne vya mkono wa kuume. Alitembea na kidonda hicho hadi kambi ya Mugunga. Emerance alimkuta huko kwenye hema, amegeukia turubai. Akamleta nyumbani. Muzee akawa anakaa karakanani kutwa nzima, ameuficha mkono ndani ya koti, bila neno. Alikataa kula mbele ya watu. Mara mbili Héritière alimsikia akimwomba Mungu amchukue.

Ndipo Emerance akaanza kitu ambacho hata Paulin hakuwahi kukijaribu: kukereza chombo chenye tumbo ndani. Mguu wa kiti hushikwa na mashine pande zote mbili, nao unazunguka kwa utulivu. Chombo kinapaswa kushikwa upande mmoja tu, ili upande wa pili uwe wazi chuma kiingie, na huko ndani fundi haoni kitu. Anasukuma chuma gizani. Alimfuata mchomeleaji, naye akamtengenezea chuma kirefu chenye ncha iliyopinda kutoka springi ya gari. Akachukua gogo la mti wa musave.

Muzee alipofahamu anachofanya, alimwambia neno lake la kwanza baada ya majuma mengi.

"Wacha."

"Papa, ninajaribu tu."

"Icyansi ni mukono. Haiko mashine. Unataka batu banicheke?"

Hakuacha. Gogo la kwanza lilipasuka. La pili lilitoboka kitako. La tatu na la nne yalipasuka yakiwa yamekwisha, yalipokuwa yanakauka rafuni. Aliamka akayakuta na ufa kutoka mdomo hadi chini. La tano, tarehe 6 Juni 2013, lilikinasa chuma kwa ndani, likang'oka kwenye mashine, likampiga usoni. Wanawake wa jirani walimbeba kwa pikipiki hadi hospitali. Jicho la kushoto halikupona.

Alikaa nyumbani miezi mitatu. Dada yake Dancille alimsihi auze mashine, afungue meza ya kuuza vitenge. Hata yeye mwenyewe aliogopa. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Septemba aliamka akamkuta baba yake karakanani, amesimama mbele ya mashine iliyozimwa, ameutoa ule mkono nje ya koti.

"Muti yako ilikuwa kavu," muzee akasema bila kumtazama. "Muti ya icyansi inakatwaka mubichi. Ukimaliza, unaipakaa mavi ya ng'ombe, unaificha kwenye kivuli, ikauke polepole. Usiipeleke ku jua kama nguo."

"Na ndani, papa? Nitajuaje nimefika wapi? Sioni."

"Nani alikuambia tulikuwa tunaona? Unasikia. Ikiwa nene inalia kama ngoma. Ikiwa nyembamba inalia kama mutoto. Ikianza kulia kama mutoto, toa chuma."

Tangu siku ile muzee alikaa kwenye kigoda karibu na mashine, amefumba macho, akisikiliza. "Bado," alikuwa akisema. "Bado. Bado. Toa!" Na Emerance alipochelewa kukitoa chuma, muzee alipiga kigoda kwa kile kiganja kilichobaki na kidole gumba tu.

Chombo cha kwanza kilikamilika tarehe 21 Novemba 2013. Muzee alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akakiinua juani, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Hapa nene. Hapa nyembamba. Ng'ombe akikiona atacheka."

Muzee akaagiza maziwa. Akayanywa humo mbele ya watu wote waliokuwepo, mbele ya wateja na mbele ya mafundi jirani, mkono wake uliokatwa ukiwa nje. Maziwa mengine yalivuja yakamlowesha suruali, lakini hakukiweka chini mpaka maziwa yakaisha. Alifariki mwezi wa Februari uliofuata. Kwa miezi ile mitatu alikula mezani pamoja na watoto.

Kwa miaka kumi na moja iliyofuata, Emerance alikereza ibyansi, vyombo vile vya maziwa, vya harusi nyingi za Goma, kuanzia Keshero hadi Mugunga. Havikuvuja. Lakini kikohozi kilimwanza mwaka 2021. Walimpa dawa za kifua kikuu miezi sita, hazikusaidia kitu. Mwaka 2024 daktari alitazama picha ya mapafu yake, akamweleza kwamba ni vumbi la mbao, akamwamuru aache mashine.

"Docteur," alimuuliza, "na njaa, picha yake mutaipiga wapi?"

Tarehe 27 Januari 2025, mji ukiwa katika milio ya risasi, bila umeme na bila maji, Darius aliwasha pikipiki yake, akafunga bidoni mbili za maji, akasema anashuka ziwani Keshero kuchota maji. Mama yake alimwambia asubiri. Alijibu, "Mama, tutakunywa nini?" Hakurudi. Pikipiki haikuonekana, wala bidoni.

Nyumbani walikuwa wamejificha majirani kumi na wanne, na makaa yalikuwa yamekwisha. Emerance alichoma miguu ya vitanda, akachoma mbao, kisha akaanza kuchoma vyombo ili kuchemsha maji ya mvua kwa ajili ya watoto. Alipofika kwenye kile chombo cha kwanza, kile alichonywea muzee, Héritière alimshika mkono. Alimwondoa taratibu. "Hiki ni muti, mwanangu," alisema, akakiweka motoni.

Njia zilipofunguka, alikwenda kumtafuta mwanawe. Hospitali baada ya hospitali, chumba cha maiti baada ya chumba cha maiti, alifunua shuka moja moja, akainama karibu, kwa kuwa jicho lililobaki halikuona mbali. Alifanya hivyo siku kumi na tisa. Aliporudi mara ya mwisho alikaa mlangoni, hakulia, ila kifua chake hakikupata tena pumzi ya kutosha. Hakuigusa mashine tena. Kuanzia Agosti hakuweza kulala chali. Alilala amekaa, ameegemea mgongo wa binti yake.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne ya asubuhi, nyumbani kwake Ndosho, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Siku mbili kabla, alimwita Héritière, akamuuliza nani atakayeandika karatasi ya mazishi. Akaambiwa ni Dancille. Akasema, "Mwambieni asimuweke Darius ku batu wenye walikufa. Nilifunua shuka zote. Sikumuona."

Kwa hiyo tunaandika kama alivyoagiza. Emerance Nyirarukundo anaacha dada yake Dancille, anayesoma maneno haya. Binti yake Héritière. Na mwana wake Darius.

Mungu wa wachovu ampokee, ampe pumzi aliyoikosa, na amani yake ikae juu yake.