Optatus Chilumba, Fundi Aliyelikataa Neno “Umekatika”

Kosa la watu wengi ni kuamini kwamba taa zikizimika, waya nao umekufa. Upepo unapita, nyumba zinaingia giza, mtu anasema, “Umeme umekatika,” kisha anakwenda kuushika waya ulioanguka shambani kwake. Neno lenyewe linamdanganya. Kilichokatika ni waya. Umeme umefika pale waya ulipokatikia, na upo hapohapo.

Mtu aliyetumia miaka thelathini na minne kutufundisha tofauti hiyo anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Ni Optatus Chilumba, Baba Huruma, msimamizi wa mafundi wa laini katika karakana ya shirika letu la umeme, Newala.

Alijifunza umeme katika karakana za misheni kule Ndanda, akaanza kazi kwetu Masasi kama mchimba mashimo ya nguzo. Hadi leo akiona nguzo imeinama hupunguza mwendo wa gari na kuguna, kama mzazi aliyeona mtoto wake amekosea vifungo vya shati. Baadaye alipanda nguzo hizo kwa miaka mingi, kisha akakabidhiwa kikosi cha Newala.

Kikosini sheria yake ya kwanza ilihusu radi. Ngurumo ikisikika, hakuna anayepanda, na hata ikinyamaza watu hungoja nusu saa nzima. Tandahimba, katikati ya msimu wa korosho, mnunuzi mmoja mwenye ghala lenye giza aliwakuta mafundi wamekaa garini, akawagongea kioo. “Nyie mmeumbwa kwa sukari, mnaogopa mvua?” Optatus alishusha kioo kidogo tu. “Kwa sukari kabisa, bosi. Tukiyeyuka, taa utawashiwa na nani?” Yule bwana alicheka bila kupenda, akangoja kama wengine.

Lakini wasifu huu hauwezi kuwa wa vicheko tu, na yeye mwenyewe asingependa uwe hivyo.

Miaka minane iliyopita, mwezi Novemba, upepo mkali uliotangulia mvua ulikata waya wa laini kubwa karibu na Chilangala. Ni vizuri kueleza kilichotokea, maana ndiyo hali ya huku kwetu kwenye uwanda wa juu. Mchanga wetu ukiwa mkavu haupitishi umeme vizuri. Waya ukiangukia juu yake, mitambo ya kuzima laini inaweza isitambue kuwa kuna hitilafu. Hivyo nyumba zilizo mbele ya mkato hubaki gizani, huku upande wa waya unaotoka Masasi ukiwa na nguvu zake zote, umelala kimya juu ya majani makavu.

Asubuhi iliyofuata, mkulima aitwaye Shamte alikwenda na mkewe Ziada kuokota korosho zilizopukutishwa na upepo. Aliukuta waya umepita katikati ya mikorosho yake, pale alipokwisha kufagia. Akasema aliyosema kila mtu kijijini tangu jioni: “Huu umekatika.” Akainama ausogeze.

Optatus na kikosi chake walikuwa wakiifuata laini kwa miguu kutafuta mkato. Walisikia ukelele, wakafika Ziada akiwa anamkimbilia mumewe. Optatus alimkamata kiunoni, akamvuta nyuma, asimwachie. Ziada alimng'ata mkono hadi damu ikatoka. Majirani walipiga kelele: “Mwachie, Baba Huruma! Mume wake yule!” Fundi mwenzake alikuwa akipiga simu Masasi laini izimwe. Ilipothibitishwa kuwa imezimwa, ikapimwa na kufungwa waya wa kupeleka umeme ardhini, ndipo walipomgusa Shamte. Hospitalini walisema amekwisha kufariki.

Ziada alimwambia neno moja tu siku ile: “Ungeniacha.” Tangu hapo hakumwamkia tena. Wasomaji wa huku wanajua uzito wake. Mwanamke wa umri wake kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, mwaka baada ya mwaka, sokoni na misibani, ni hukumu inayosomwa na kila mtu. Wapo waliosema fundi alikaa akamwangalia mtu akifa. Optatus hakubishana nao. Alitaka mama yule ajue kwamba kama angemwachia, watoto wangezika wawili siku hiyo. Hilo hakuweza kumlazimisha kuliamini.

Alichoweza ni kulipiga vita neno lile. Karakanani, aliyetamka “umekatika” alifagia uwanja, na meneja wetu amefagia mara mbili. “Umekatika nini? Sema vizuri! Na nani kaupima?” Hata birika la chai likiisha, vijana walimtania, “Chai imekatika, Baba Huruma, lakini hatujaipima.” Alizunguka vijijini kabla ya kila msimu wa korosho, akisema yaleyale: waya ulioanguka ni mzima mpaka fundi aupime, gongo kavu na ndala havikukingi, ukijikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuta nyayo zikiwa pamoja, usipige hatua. Chilangala alikwenda kila mwaka. Ziada alikaa nyuma kabisa, uso pembeni.

Novemba iliyopita upepo ukaangusha waya kijijini hapo tena. Simu iliyotufikia ilikuwa ya mwanamke, na maelezo yake yalikuwa kamili. Tulipofika tulikuta kanga mbili zimefungwa kutoka mkorosho hadi mkorosho, mbali na waya, na watu wamesimama nje yake. Shemeji wa Ziada, Mujibu, alikuwa na mwanzi mkononi wa kuusogezea waya, akilalamika korosho zake zinalowa.

“Shemeji, siku hizi umekuwa fundi?”

“Mujibu, ukivuka kanga hii nakuchapa mbele ya watoto wako.”

Kisha Ziada akamwona Optatus. Alipiga goti kidogo, kama ilivyo desturi. “Shikamoo, Baba Huruma. Nimewashika, kama ulivyonishika.”

“Marahaba, mwanangu,” alijibu. Akageuka kuchukua kifaa chake cha kupimia, na hakuna kati yetu aliyemtazama usoni.

Baba Huruma, tunakushukuru kwa kila fundi uliyemrudisha nyumbani akiwa mzima. Nenda ukapumzike, mvua ikunyeshee ukiwa ndani, na ngurumo zikikuamsha, ugeukie upande wa pili ulale.

Nawe unayesoma: namba ya dharura aliyopiga Ziada ilikuwa imeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wake. Leo, kabla jua halijazama, andika ya kwenu.