Mara Tatu Walimponya Mama

Kijiwe chetu kiko Bungoma mjini, nyuma ya msikiti: benchi moja ya mbao iliyoegemea ukuta wa duka la nafaka. Mwenye birika ni mjomba wangu Muhdhar, kaka mkubwa wa mama. Wateja wake wa kila siku ni Wekoye, fundi wa pikipiki tunayemwita Spana, na Sufian, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Mimi niliacha shule kidato cha pili ili nimuuguze mama. Miguu yake hufa ganzi, jicho moja huingia ukungu, halafu baada ya wiki kadhaa anatembea tena. Alhamisi hiyo sikufuata kahawa. Nilikuwa na karatasi kumi na mbili za utafiti wa Daktari Sellah Wabwile kuhusu ugonjwa unaofanana na wa mama, na nilitaka ruhusa ya mjomba. Daktari angeona wagonjwa Kitale mpaka kesho yake tu, na mama alikuwa amesema haendi popote bila neno la kaka yake.

— Soma basi, Aaliyah, mjomba alisema. Lakini kwa Kiswahili.

— Ugonjwa unaitwa multiple sclerosis. Askari wa mwili wanakosea adui, wanakula ngozi inayofunika mishipa ya fahamu. Daktari anasema vitabu viliandika kwamba watu wetu hawaupati sana, kwa hiyo hakuna aliyeutafuta. Yeye anautafuta, Kitale na hapa kwetu.

— Hiyo naelewa bana, Spana alisema. Waya ikichunika, taa inawaka, inazima, inawaka. Si wafunge na selotepu?

— Utafunga selotepu kwenye uti wa mgongo wa dada yangu?

— Nauliza tu, mzee.

— Hakuna waya hapo, Redio alisema. Ni ule mlingoti wa simu. Mwaka jana si nilimwambia Mama Aaliyah ageuze kitanda, kichwa kisiangalie mlingoti? Wiki tatu tu, akaenda soko na miguu yake.

— Wacha uongo, Spana alisema. Aliamka sababu ya majani yangu. Nilipanda nayo pikipiki kutoka Mlima Elgon, Aaliyah akachemsha. Si mama alicheza kwa harusi ya jirani Gladwell?

— Ati majani! Majani ilikuwa Aprili, harusi ilikuwa Agosti.

— Basi ilichelewa kufanya kazi. Imetoka mbali.

Redio alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Mjomba hakucheka.

— Nyinyi wawili acheni, alisema. Dada yangu Zaitun alipona kwa kombe. Maalim aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa maji, akanywa siku saba. Ramadhani nzima alisimama kuswali.

Hapo hakuna aliyebisha. Hata mimi nilikumbuka nilivyoishika sahani ile kwa mikono miwili, nikiogopa tone lisianguke.

— Na huyo daktari anataka nini? Redio aliuliza. Watatoa damu, waipeleke ng'ambo, watengeneze Zaitun mwingine.

— Wa nini? Spana aliuliza.

— Wa akiba.

— Hebu nimalize, nilisema. Ameandika kwamba ugonjwa huu huja na kuondoka wenyewe. Mgonjwa hudhani amepona, na aliyempa dawa hudhani amemponya. Lakini kila ukirudi unaweza kuacha kitu kimeharibika. Dawa ya kuumaliza haijapatikana. Ya kuupunguzia kasi ipo, na ni bora ianzwe mapema.

Mjomba aliinamia makaa, akayachokoa ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

— Kwa hiyo kombe langu halikufanya kitu?

— Sijasema hivyo, mjomba. Daktari hakuandika juu ya kombe.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi, gunia la vitunguu miguuni. Alisema anaitwa Nasike, ametoka Chwele, anamngoja mteja. Alikuwa amekunywa kikombe chake akitusikiliza.

— Samahanini, alisema. Huyo mama mumemponya mara ngapi?

— Tatu, Redio alijibu haraka.

— Sasa mbona mtoto ndiye amekuja kumwombea ruhusa?

Spana aliangalia vidole vyake vyenye grisi. Tangu Jumapili nilikuwa namlisha mama kwa kijiko kwa sababu hakuweza kukishika, na wote watatu walijua.

Mjomba alizichukua zile karatasi asizoweza kuzisoma, akazilinganisha pembe kwa pembe, akanirudishia.

— Mwambie mama yako nimesema aende. La, ngoja. Nakuja kumwambia mwenyewe.

— Kesho mimi nitambeba mpaka kwa gari, Spana alisema.

Mjomba alivua aproni yake, akamvisha Redio shingoni.

— Wewe uza kahawa, alimwambia. Na usimtibu mtu mpaka nirudi.