Taratibu, Dereva Aliyefuatwa kwa Setilaiti

"Mimi si mbuzi wa kufungwa kengele!" Ndivyo kaka yetu alivyofoka mwenye gari alipofunga kidude cha setilaiti chini ya usukani wa basi. Tajiri akacheka. "Kama huna unachoficha, unaogopa nini?"

"Naogopa siku nitakayohitaji kusimama."

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, kifungua mimba wa mama yetu, katika nyumba ile ile ya kando ya barabara anamoishi mama hadi leo. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizipenda, viboko hapana.

Mwaka 1989 alianza ukondakta, 1994 akapewa usukani. Abiria walimwita Taratibu. Wenye haraka walimtania, "Baba, hata konokono katupita!" Naye: "Mkimkuta mbele kagongwa, msinililie." Kila akipita kwa mama alisimama mlangoni, akanywa chai yake wima, akaondoka. Abiria walimsalimu mama kupitia dirishani.

Mwaka 1996 alimuoa wifi yetu, fundi cherehani, "abiria aliyefika kituo cha mwisho akakataa kushuka." Wifi alimfinya kila aliposema hivyo.

Kidude kilipofungwa, Februari mwaka jana, tajiri akawa anashinda kwake akitazama nukta ya basi kwenye simu. Nukta ikitulia, anapiga: "Mbona umesimama?" Chai ikakoma. Kaka akawa anapiga honi tu, mama anabaki mlangoni na kikombe.

"Mama, nina deni lako la chai."

"Njoo ulipe kabla haijapoa, baba."

Kisha presha ikampata. Daktari alimwambia kifua kikibana asimame, apumzike. Alimeza vidonge huku anaendesha. Hata nyumbani hakukaa akatulia; aliitazama simu kama kitu kinachouma.

Tarehe 3 Juni, asubuhi, kifua kilimbana gari likiwa limejaa. Aliliweka pembeni, akavuta breki ya mkono, akalalia usukani. Hakuna abiria aliyeumia. Simu ikalia, ikakatika, ikalia tena. Kondakta alipoipokea, akasikia: "Mbona umesimama?"

Ameacha mama, mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja na sisi dada zake wawili.

Basi hilo hilo ndilo lililomleta hapa leo. Kidude bado kinawaka taa yake nyekundu, na dereva mpya anaanza kesho. Njiani, tulipofika kwa mama, basi lilisimama, injini ikazimwa. Mama akapanda na kikombe, akaketi kando ya jeneza, akainywa chai yote polepole. Tajiri alikuwepo. Hakuthubutu kutazama saa.

"Deni limekwisha, baba," mama akasema.

Apumzike sasa, na asiwepo wa kumuuliza mbona amesimama.