Dawa Mbili kwa Tumbo Moja

Liévin alikimbilia Bunia juu ya magunia ya lori, tumbo limemvimba kama ngoma. Vita ilipomkuta asubuhi, maharage yalikuwa bado motoni. Akaona heri ayale nusu mabichi kuliko kuwaachia waporaji. Yaliyobaki aliyapakata na sufuria yake.

Humo lorini wamama wawili wasiojuana walimgombania. "Muzee, kunywa kongo bololo, gaz itatoka yote!" alisema Mama Bénédicte, akimpa chupa ya maji ya majani machungu.

"Utamuua!" akawaka Mama Joyeuse, akifungua termosi iliyonukia mchaichai. "Gaz inaogopaka chai ya sinda na tangawizi!"

"Weye iko munganga?"

"Na weye?"

Liévin hakutaka kumuudhi mama wa watu. Akanywa zote mbili.

Kwenye bariera ya kuingia mjini askari akaelekeza bunduki kwenye shati lililotuna tumboni pake. "Unaficha nini mu shimizi?"

"Maharage," akajibu Liévin, na Mungu shahidi, hakudanganya.

Askari akalibonyeza tumbo kwa mtutu. Gaz ikalipuka kwa mshindo uliowalaza chini askari wote.

"Ni dawa ya gaz tu," akajitetea Liévin.

"Nani alimupa hii dawa?" akafoka askari, akijipangusa vumbi.

"Huyu!" wakasema wamama kwa pamoja, kila mmoja akimsonta mwenzake.

Dawa ikakosa mwenyewe, basi askari akanyang'anya sufuria ya maharage na kufungua njia.

Lori liliposimama mtaani Nyakasanza, wamama walikuwa wamerudia vita yao: "Ni yangu ilimuponyesha!" "Ni yangu!" Liévin akashuka, mwepesi kama unyoya, akimwonea yule askari huruma: maharage anayo, dawa hana.